Sufuria ya mkate wa mayai huandaliwa kabla ya yai la kwanza kuvunjwa

Mkate wa mayai hauna mahitaji mengi: mayai, sukari, unga wa ngano na iliki. Kwa kuwa wengi wetu hapa Lamu hatutii mafuta ndani ya mchanganyiko wenyewe, kinga pekee dhidi ya kushika ni kile tulichopaka kwenye sufuria. Protini ya yai ikipata moto hung'ang'ania chuma, na sukari iliyoyeyuka hukauka ikawa gundi. Ndiyo maana kinachobaki chini ni ile ngozi ya kahawia ambayo watoto huigombea.

Mimi hupaka samli. Siagi ina maji yanayokaribia asilimia 16 pamoja na chembe za maziwa ambazo huungua mapema na kushika, ilhali samli imekwisha kuondolewa vyote viwili. Mafuta ya maji nayo huteremka yakakusanyika chini, yakaacha pembeni pakavu. Hata hivyo, wakati wa kaskazi joto letu huilegeza samli pia ikawa haina tofauti na mafuta hayo, na kwa hiyo baada ya kuipaka kwa vidole, hasa pale ukuta unapokutana na kitako, naiweka sufuria kwenye friji kwa dakika kumi hivi mpaka samli igande. Hapo ndipo ninaponyunyiza unga kijiko kimoja, naizungusha, kisha naipindua na kuigonga mpaka unga wa ziada udondoke. Ubaki utando mwembamba tu, kwani ukizidi utauona mkate una mabaka meupe yenye ladha ya unga mbichi.

Mwenye karatasi ya kuokea akate duara la kutandika chini, na hapo hatahitaji unga isipokuwa pembeni. Karatasi ya kaki hufaa ikipakwa samli pande zote mbili. Gazeti silikubali hata kidogo, maana wino wake haukutengenezwa uliwe.

Anayepalia makaa asisahau kwamba moto mkali wa chini huishinda samli yoyote: makaa machache chini, mengi juu ya mfuniko. Na ikiwa chombo ni cha bati, akikague kwanza kama kimeota kutu, kwa sababu upepo wa bahari haukisamehei, na mkate hunasa palepale penye kutu. Kikishaoshwa kikaushwe juu ya jiko, kisha kipakwe mafuta kidogo kabla ya kuhifadhiwa. Waya wa kusugulia uwekwe mbali. Mikwaruzo yake ndiyo mkate wa kesho utakapojishikiza.

Mkate wa sinia, ule wa mchele na tui, una kanuni nyingine kabisa. Hapo chombo hupashwa moto pamoja na samli yake, na uji uliokwisha kuumuka humiminwa samli ikiwa moto, ili sehemu ya chini iive mara moja kabla haijapata nafasi ya kushika. Unga haunyunyizwi, kwani ungeungua.

Ukishaepua mkate wa mayai, uache dakika kumi ujikusanye, pitisha kisu pembeni, kisha upindue. Ukiuacha mpaka upoe kabisa, sukari ya chini itakuwa imekwisha kukauka, na itakubidi uirudishe sufuria juu ya moto mdogo kidogo ndipo uachie.