Zilifutika

Juzi binti yangu alinirudishia simu akiwa ameishika kwa ncha za vidole, kama mtu anayerudisha sahani aliyoitia ufa. Alitaka kupunguza picha ili apate nafasi ya mchezo wake, na picha zote za Idi hazikuwepo tena. "Baba, zimefutika," alisema. Sikumgombeza, kwa sababu neno hilo niliwahi kulitumia mimi mwenyewe, tena kwa maandishi, pale Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, mwaka 2016, nikiwa mtu mzima ninayelipwa mshahara.

Programu ya ofisi ilikuwa imekataa kupokea hati mpya tangu saa kumi na moja jioni. Malori yalikuwa yamepanga foleni barabarani, mawakala wa forodha walikuwa wakigombana kwa Kiswahili cha pande zote mbili za mpaka, na bosi alikuwa amenipigia simu mara nne. Seva ilisema diski imejaa, lakini nilipoipima kwa df -h, amri ya kuonyesha nafasi iliyobaki, niliona karibu nusu ya gigabaiti zake 50 iko wazi. Ni nilipoandika df -i ndipo nilipoelewa kwamba kilichokwisha hakikuwa nafasi, bali inodi, yaani zile kadi za usajili ambazo kila faili, iwe kubwa au ndogo kama punje ya ulezi, ni lazima ipewe moja. Diski ya ukubwa huo kwa kawaida hutengenezewa inodi 3,276,800, na sisi tulikuwa tumezimaliza kwa vijipicha. Kila mtu alipofungua hati, programu ilitengeneza kijipicha kipya chenye jina linaloanza na "dogo-", kisha ikakiacha humohumo katika folda ya hati zenyewe. Hati halisi zilikuwa kama elfu 40, na vilivyobaki vyote vilikuwa takataka.

Nikaandika rm dogo-*, yaani futa kila kinachoanza na "dogo-", nikidhani nitalala mapema. Mashine ikajibu kwamba orodha ni ndefu mno. Wengi hudhani rm ndiyo inayoshindwa, kumbe haikupata hata nafasi ya kuanza: ile nyota hufunguliwa kwanza na sheli, ile programu inayopokea amri unazoandika, ambayo huibadilisha kuwa majina yote, moja baada ya jingine, na mfumo una kikomo cha urefu wa maneno unayoweza kuipa amri moja, kwa kawaida kama megabaiti 2. Majina yetu yalikuwa makumi ya megabaiti. Nikajaribu ls, amri ya kuorodhesha faili, ili nione walau machache, nayo ikanyamaza, maana hupenda kusoma majina yote na kuyapanga kabla ya kukuonyesha hata moja.

Kwa hiyo nikaigeukia find, amri ya kutafuta, ambayo huokota faili moja moja bila kuhitaji orodha. Ilikuwa yapata saa nne za usiku. Mlinzi wetu, mzee wa Kinubi kutoka Bombo, alikuwa ameniletea rolex, ile chapati ya kuviringishia mayai, iliyofungwa kwenye gazeti, mafuta yakipenya katikati ya habari za michezo. "Kula kwanza, mwanangu," aliniambia. Nikasema nakuja, Mzee, na kwa mkono mmoja nikaandika:

find . -delete -name 'dogo-*'

Isome tena, polepole kuliko nilivyoisoma mimi. Find hutekeleza masharti yake kwa mpangilio ulioyaandika, kutoka kushoto kwenda kulia. Nilikuwa nimeiambia ifute kwanza, halafu ndipo iulize jina.

Haikuonyesha chochote. Mshale ulikaa pale ukiwaka na kuzima. Nikafungua dirisha la pili, nikawa narudia df -i kila baada ya muda, na asilimia ikaanza kushuka kutoka 100 hadi 97, kisha 93, kisha 88. Nilifurahi, wallahi. Nilimega chapati, nikatafuna, nikatazama namba zikiteremka kama mita ya pampu ya mafuta inayorudi nyuma. Zilipofika 71, sijui kwa nini, nikataka kuifungua hati ya shehena ya saruji niliyoiingiza kwa mkono wangu asubuhi. Ukurasa wa kwanza ulikuwepo. Wa pili haukuwepo. Wa tatu ulikuwepo. Kitonge kilikuwa bado mdomoni, sikukimeza wala sikukitema. Ndipo nikasoma amri yangu neno kwa neno, nikabonyeza Ctrl na C ili niisimamishe, kwa vidole vyenye mafuta, vikateleza, nikabonyeza tena.

"Kazi imekwisha?" aliuliza Mzee kutoka mlangoni.

"Bado, Mzee."

Yaliyofuata ni ya kawaida. Nakala ya akiba ilikuwa ya Ijumaa, na siku ile ilikuwa Jumanne. Ya kabla ya Ijumaa yalirudi yote. Ya baadaye yalikuwa na matundu yasiyo na utaratibu, kwa kuwa find haifuati majina wala tarehe, bali hufuata namna folda ilivyojipanga kwa ndani, hivyo kila shehena ilipoteza ukurasa huu na ule. Tulizunguka siku mbili tukiomba karatasi ili tuzichanganue upya. Nyingi zilikuwa zimeshaondoka na malori kuelekea Kampala. Nilikuwa na daftari la namba za kurasa zilizokosekana, nikizikata kila moja ilipopatikana, na kumi na moja hazikukatwa kamwe.

Bosi alitaka ripoti. Niliandika: "Seva ilijaa, na baadhi ya faili zilifutika." Aliisoma, akasema kompyuta hizi bwana, akanipa pole. Hakuna sentensi yangu iliyowahi kusifiwa hivyo. Lugha yetu ina ukarimu wa ajabu: silabi moja katikati ya kitenzi, na mtendaji anatoka chumbani kimyakimya bila hata kufunga mlango.

Binti yangu alikuwa bado amesimama, akinitazama usoni. Nilitaka kumsahihisha: hazikufutika, mama, umezifuta. Nikafungua sehemu ya picha, nikamwonyesha kikapu cha vilivyotupwa, na picha za Idi zilikuwamo zote. Simu siku hizi huzishikilia kwanza.

"Mbona hukuniambia zinarudi?" aliuliza.

Nikamwambia akalete chaja.