Chupa ya usiku na meno ya mwanangu
Mwanangu wa pili alikuwa na mwaka mmoja na miezi 8. Namfuta makamasi, mdomo wa juu ukanyanyuka, nikaona mstari mweupe kama chaki kwenye meno ya mbele, pale yanapokutana na fizi. Nikadhani ni maziwa yaliyoganda. Nikasugua kwa kitambaa, hautoki.

Daktari wa meno aliniuliza kwanza: analalaje? Nikasema ukweli. Analala na chupa mdomoni, maziwa yenye sukari, kwa sababu nilikuwa narudi kazini hoi na chupa ndiyo iliyomnyamazisha. Akanieleza kwamba mtu akilala mate hupungua, hivyo ile sukari hukaa kwenye meno na vijidudu huigeuza asidi usiku kucha. Weupe ule ni jino linalopoteza madini yake. Likiwahiwa linapona, likishatoboka, halijizibi tena.

Chupa ilinitesa. Niliondoa sukari kwanza, kisha kila usiku nikazidisha maji na kupunguza maziwa, mpaka ikabaki maji matupu. Usiku wa tatu alilia hadi mama mkwe akaja mlangoni: "Mpe mtoto maziwa yake, meno yenyewe si yatang'oka?" Nikamwambia, "Mama, ya mbele ndiyo yataanza kung'oka akifika miaka 6. Magego anakaa nayo mpaka miaka 10, hata 12. Yakioza sasa, atatafunia nini miaka yote hiyo?" Alinyamaza, na kesho yake yeye ndiye aliyembembeleza.

Mswaki nao alikuwa anaukataa, anauma meno kwa nguvu. Kilichonisaidia ni kumlaza chali, kichwa mapajani pangu, nikainua mdomo kwa kidole na kuona kila jino. Tunayahesabu kwa sauti. Alipotimiza miaka mitatu yalikuwa yote 20. Dawa ya meno yenye floraidi nilikuwa naweka kiasi cha punje ya mchele, sasa naweka kama njegere. Anatema, hasukutui. Asubuhi dada anampigisha, lakini usiku ni mimi mwenyewe, hata nikirudi saa nne. Baada ya hapo ni maji tu.

Ana miaka minne. Mistari imefifia na hakuna jino lililotoboka. Jana umeme ulikatika nikataka kuharakisha, akanishika mkono: "Mama, bado la nyuma kabisa."