Kichwa 4472 cha mjomba na namba 29

Namba inayowatoa watu jasho ni 29. Nyingine nyingi ndani ya kichwa cha treni ya mfano unaweza kuzipapasa mpaka zikakaa sawa, lakini 29 ikikaa vibaya, unaita kichwa na hakikuitikii, na hakuna taa wala mlio wa kukwambia kosa liko wapi. Nitafika huko. Kwanza nieleze fundi wa kompyuta wa Mwanakwerekwe, Zanzibar, ameingiaje kwenye habari za treni, katika kisiwa kisichokuwa na reli hata moja inayofanya kazi.

Sababu ni mjomba wangu. Alikuwa baharia wa meli za mizigo, na bandari alizozizoea zaidi ni za Uingereza. Wenzake walikuwa wakirudi na redio na cherehani. Yeye alirudi navyo pia, lakini chini ya sanduku mlikuwa na vichwa vya treni vilivyofungwa kwenye magazeti, na bibi yangu, Mungu amrehemu, hakuacha kuuliza kwa nini mtu mzima ananunua vitu vya watoto na havimpi mtoto yeyote. Sasa kastaafu, anakaa Bububu, na chumba cha uani kakigeuza chote: meza ndefu, reli za upana wa milimita 16.5 zinazunguka ukutani hadi mlangoni, na watoto wa jirani wanaruhusiwa kutazama maadamu mikono iko nyuma.

Na hoja yake ya kuwa na treni Bububu ni ya haki kabisa. Reli ilikuwapo. Mwaka 1905 garimoshi lilianza safari kutoka Ngome Kongwe, likipenya mjini na kupanda kaskazini mpaka Bububu, kilomita 11 hivi, kwenye reli ya upana wa futi 3. Kabla ya hiyo, Sultani Sayyid Barghash alikwisha kuwa na reli yake ndogo ya kwenda kwenye kasri la Chukwani. Leo tunapanda daladala. Mjomba anasema yeye anairudisha reli ya Bububu kwa kipimo kinachoingia chumbani, na anayecheka na acheke.

Vichwa vyake vya zamani viliendeshwa kwa umeme wa kawaida. Unazungusha kitasa, volti zinapanda, kichwa kinakwenda. Ubaya wake ni kwamba ukiweka vichwa viwili kwenye reli moja, vyote vinaondoka pamoja. Mfumo wa kidijiti unaoitwa DCC ndio ulioondoa tabu hiyo. Msingi wake ulitengenezwa na kampuni ya Lenz ya Ujerumani, kisha chama cha wapenzi wa treni za mfano cha Marekani, NMRA, kikaufanya kanuni ya wote katika miaka ya 1990. Hapo reli ina umeme kamili muda wote, na umeme wenyewe unageuka-geuka upesi ukibeba ujumbe wa biti, yaani tarakimu za 0 na 1: nusu ya biti ya 1 huchukua maikrosekunde 58, nusu ya biti ya 0 huchukua 100 au zaidi. Ndani ya kila kichwa kuna dikoda, bodi ndogo ya umeme inayosikiliza anwani yake tu. Ukisema "namba 3, nenda", namba 3 ndiyo inayokwenda.

Tabia ya dikoda imo kwenye visanduku vinavyoitwa CV, kila kimoja kina thamani ya 0 hadi 255. CV 1 ni anwani fupi, na dikoda mpya huja na 3. CV 2 ni nguvu ya kuanzia. CV 3 ni jinsi ya kuchapuka, CV 4 jinsi ya kupunguza mwendo. CV 8 ni namba ya aliyeitengeneza: Lenz ni 99, Zimo ni 145, ESU ni 151. Na kadhalika, mamia.

Mjomba alikuwa akizipanga kwa rimoti yenye vitufe, na akiandika kwa penseli kwenye daftari la skuli. Daftari hilo nimelikalia sana. Ukurasa wa kichwa kimoja una CV 3 = 12, imekatwa, 20, imekatwa, 15, halafu mshale unaokwenda pembeni kwenye neno "uliza". Aulizwe nani? Hakumbuki. Kwangu mimi hapo ndipo palipo na faida yote ya kompyuta. Watu husema inarahisisha kuandika namba, na ni kweli, lakini kubwa zaidi ni kwamba inasoma. Daftari linakwambia mtu alidhani kaweka nini, dikoda yenyewe inakwambia kuna nini.

Vifaa si vya kutisha. Nilikuwa na Arduino Mega dukani, bodi ndogo unayoweza kuitia programu, nikaipachikia bodi ya kuendeshea mota, nikaitia programu ya DCC-EX ya kutuma ujumbe wa DCC kwenye reli, ambayo ni ya bure. Bodi ile ina matokeo mawili: A inakwenda kwenye reli kuu, B inakwenda kwenye kipande cha reli cha pembeni cha kupangia. Waya wa USB unaingia kwenye laptopu yangu kuukuu, na kwenye laptopu kuna JMRI, mkusanyiko wa programu za treni za mfano unaotumia Java, na ndani yake DecoderPro, ambayo kazi yake ndiyo hii ya kusoma na kuandika CV. Nayo ni bure.

Hapa nitoke kidogo pembeni, maana ni habari ya kazi yangu. JMRI ilianzishwa na Bob Jacobsen, mwalimu wa fizikia wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Ilizua kesi, Jacobsen dhidi ya Katzer, na mwaka 2008 mahakama ya rufaa ya Marekani ikatamka kwamba masharti ya leseni ya programu huria yana nguvu ya kisheria hata kama programu yenyewe haiuzwi. Nikiwaeleza vijana wanaokuja kujifunza kwangu kwamba hoja nzito namna hiyo ilipata uamuzi kwa sababu ya vitreni vya mezani, wananiona nawapiga soga.

Turudi mezani. Unaweka kichwa kwenye reli ya kupangia, unabonyeza kitufe cha kutambua aina ya dikoda, programu inasoma CV 8 na CV 7, ambayo ni namba ya toleo, na kuchagua yenyewe kampuni na jamii ya dikoda. Kisha inakufungulia kurasa zenye maelezo ya kawaida: anwani, mwendo, taa. Namba zimejificha nyuma ya maelezo.

Kusoma kwenyewe kunafurahisha kutazama. Kwenye reli ya kupangia dikoda haina njia ya kusema chochote, inaweza tu kukubali. Programu inauliza, "biti hii ni 1?" Kama ndiyo, dikoda inavuta umeme zaidi kwa muda mfupi mno, angalau miliampea 60 kwa milisekunde 6, ni mfano wa mgonjwa asiyeweza kuzungumza anayekuminya kidole. Umeme huo dikoda huuvutia kwenye mota, ndiyo maana unakiona kichwa kinatikisika tik, tik, tik pale kilipo. Thamani moja ni biti 8, kwa hiyo kwa njia hii maswali 8 na moja la kuhakikisha yanatosha. Njia za zamani zililazimika kubahatisha thamani nzima, ni 0? ni 1? ni 2?, na thamani ikiwa 240 una wasaa wa kwenda kununua urojo ukarudi.

Sasa, kichwa kikubwa cha mjomba, Flying Scotsman namba 4472, mfano wa kichwa mashuhuri cha Uingereza, hakikutikisika. Programu ikaleta kosa 308: hakuna jibu kutoka kwenye kichwa.

"Mwanangu, ndiyo kimekufa hicho?"

"Hakijafa, mjomba. Kichafu."

Bububu bahari iko jirani, na hewa yenye chumvi haina simile na chuma wala shaba. Kigurudumu cha kichwa cha treni kinagusa reli kwa eneo dogo kuliko ncha ya penseli, na utando mwembamba wa uchafu unatosha kuumeza mvuto ule wa milisekunde 6. Kichwa kinaweza kuzunguka meza vizuri tu, kwa sababu kikiruka kidogo hukioni, lakini kusoma hakusamehi. Nilikipindua juu ya taulo, nikafuta magurudumu kwa kitambaa chenye spiriti ile ninayosafishia bodi za simu, kitambaa kikatoka cheusi. Nikafuta na reli. Tik, tik, tik.

Sababu nyingine za 308, kwa anayehangaika nayo: kapasita ya kuhifadhi umeme iliyofungwa pamoja na dikoda, hiyo huvuruga jibu, na mara nyingi dawa ni kuitenga wakati wa kupanga. Au mota ndogo ya kisasa inayokula umeme kidogo mno, jibu halifiki kiwango. DCC-EX inakuruhusu kushusha kiwango hicho.

Baada ya kusoma kurasa zote nilihifadhi faili kabla sijagusa kitu. Hili silifanyii mzaha. Kile kilichokuwamo kinaweza kuwa kibovu, lakini ndicho kilichokuwamo.

Na kilichokuwamo kilieleza kila kitu. Mjomba alitaka kichwa kiitikie 4472, namba iliyoandikwa ubavuni mwake. Anwani kubwa haitoshi kwenye kisanduku kimoja, inagawanywa: 4472 gawanya kwa 256 ni 17 na baki 120. CV 17 inakuwa 192 jumlisha 17, yaani 209. CV 18 inakuwa 120. Yote mawili aliyaandika sawasawa, kwa kichwa chake na penseli, umri ule. CV 29 ilikuwa 6.

Hiyo 29 ni jumla ya swichi kadhaa. 1 ni kugeuza mbele kuwa nyuma. 2 ni hatua 28 au 128 za mwendo badala ya 14. 4 ni ruhusa ya kutembea kwenye umeme wa kawaida. 16 ni kutumia jedwali la mwendo. 32 ni kutumia anwani ndefu. Sita ni 2 na 4 tu. Kwa hiyo anwani ndefu ilikuwapo, imekaa vizuri mahali pake, na dikoda haikuambiwa iitumie. Muda wote huo kichwa kilikuwa kikingoja kuitwa 3.

Kwenye DecoderPro hakuna hesabu. Unachagua anwani ndefu, kisanduku kinageuka rangi ya chungwa kuonyesha kimebadilishwa, unabonyeza kuandika mabadiliko tu, rangi inaondoka. Nilipokuwa hapo hapo nikazima na ile 4. Dikoda yenye ruhusa hiyo, ikikosa ujumbe wa kidijiti na kuona umeme wa kawaida, inadhani iko kwenye reli ya zamani na inaweza kuondoka mbio. Ikabaki 34. Mjomba alipokiita 4472 na kikaondoka, alisema "Eeh", basi.

Iliyotula muda ni mwendo. Wapenzi wa treni hizi wengi huanza na taa na milio, na mimi naona wanaanza mwisho. Kichwa kinachopiga honi vizuri kisha kikaruka kutoka stesheni kwa kishindo ni aibu. Kwa kanuni ya NMRA, CV 3 ukiizidisha kwa 0.896 unapata sekunde za kutoka kusimama hadi mwendo wa juu, kwa hiyo 20 ni kama sekunde 18. Baadhi ya kampuni zina hesabu zao. Tulianza na CV 2: unaweka hatua ya 1 ya mwendo, unapandisha thamani taratibu mpaka magurudumu yaanze kuviringika bila kusita. Hii tuliifanya kwenye reli kuu, ambako unaweza kuandika huku kichwa kinatembea. Kusoma huko ni jambo jingine, linataka vifaa maalumu.

Halafu jedwali la mwendo, linalowashwa na ile 16: CV 67 hadi 94, visanduku 28, kimoja kwa kila hatua ya mwendo. Kwa vitufe vya rimoti hiyo ni adhabu. Kwenye programu ni safu ya vibao unavyovipandisha na kuvishusha, na kuna kitufe cha kunyoosha mstari na kingine cha kuupinda. Tulipima kwa rula na saa ya simu. Kipimo cha 1:76, mita moja kwa sekunde 9 ni sawa na kilomita 30 kwa saa, na huo ndio mwendo mjomba aliouona wa heshima kwa treni inayopita karibu na nyumba za watu. Nusu ya chini ya jedwali tukailaza, juu tukaikata. Scotsman halisi mwaka 1934 ilirekodiwa ikikimbia maili 100 kwa saa. Ya Bububu haitaweza, mjomba kaikatalia.

Rimoti sasa imekaa droo. Anaendesha kwa simu, kwa programu ya Engine Driver inayozungumza na JMRI kupitia waifai ya ndani, bila bando. Umeme ukikatika, vyote vinasimama, anakwenda kuswali.

Kimebaki kichwa kimoja cha zamani, kisicho na dikoda wala soketi. Hicho kinataka kulehemu, na kabla ya kulehemu kinataka kuhakikishiwa kwa mita kwamba brashi za mota hazigusani na bodi ya chuma, maana zikigusana dikoda inaungua mara ya kwanza inapowashwa. Nimepima: moja inagusana. Namtafutia mjomba bushi ya plastiki ya kuitenga, na dikoda inakuja na mtoto wake akitoka Portsmouth.