Nusu Shekeli na Bati la Hawe

Somo: Kutoka 38:21–31

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Juma hili nawaomba tusome mahali ambapo wengi wetu huparuka. Ukifungua Kutoka 38 kuanzia mstari wa 21 utakuta hesabu tupu: talanta na shekeli, vipimo vya uzani vya zamani, vikalio vya kusimamishia nguzo, kulabu. Hakuna bahari inayopasuka wala mana inayoshuka. Nami niliparuka miaka mingi, mpaka siku niliposhikishwa daftari la sadaka la kanisa letu hapa Malindi, nikaanza kupasoma kwa macho ya mweka hazina.

Lakini kabla ya kufika kwa Musa, nina habari ya bibi mmoja.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa katibu katika kanisa jingine, kanisa la kujitegemea kama haya mengi tuliyo nayo kutoka Muyeye hadi Maweni, lisilo na dayosisi wala askofu wa kuliangalia kutoka juu. Tulisali chini ya makuti. Ikaamuliwa tuezeke kwa mabati, na kila nyumba itoe bei ya bati moja. Bibi huyu, ambaye wakubwa kwa wadogo tulimwita Hawe, alikuwa mjane na kazi yake ilikuwa kushona makuti. Anakaa chini ya mwembe, anakunja jani juu ya kijiti, anashona, anakunja jingine. Vidole vyake vilikuwa vimekauka kama magamba. Aliuza makuti yake, leo manane, kesho kumi, mpaka akafikisha bei ya bati. Alileta pesa zikiwa zimefungwa kwenye pindo la leso. Akalifungua lile fundo kwa meno, akahesabu mbele yangu mara mbili, nami nikaandika jina lake.

Masika yakaja yakaisha. Kusi likaanza kuvuma na makuti ni yale yale, yanavuja. Jumapili moja baada ya ibada Hawe akanishika mkono akaniuliza, "Mwanangu, bati langu ni lipi?"

Hakuuliza kwa ubaya. Alidhani mabati yako mahali yamepangwa, na lake limo kati yao, akataka walau aliguse. Nikampeleka kwa mchungaji. Mchungaji akamjibu mbele ya watu kwamba aliyemtolea Bwana haulizi tena, na kwamba wanaochunguza mambo ya madhabahuni hujitafutia laana. Hawe akainamisha kichwa, akasema, "Nisamehe, baba."

Nami nilikuwa nimesimama pale pale na daftari mkononi. Sikusema neno.

Mpaka naondoka kanisa lile, hakuna aliyetuambia zile pesa zilikwenda wapi.

Sasa twende kwa Musa. Wana wa Israeli walipojenga hema la kumwabudia Mungu jangwani, kila mwanamume wa miaka 20 na zaidi alitoa nusu shekeli ya fedha, na waliohesabiwa walikuwa 603,550. Ukirudi sura ya 30 utaona tajiri alikatazwa kuzidisha na maskini akakatazwa kupunguza. Chukua karatasi upige hesabu mwenyewe. Nusu shekeli kwa watu 603,550 ni shekeli 301,775. Talanta moja ni shekeli 3,000. Unapata talanta 100, na shekeli 1,775 zinabaki juu yake. Soma mstari wa 25 uone kama si hivyo hivyo. Kisha Neno linaendelea kueleza matumizi: zile talanta 100 zilisubiwa vikalio 100, talanta moja kwa kikalio kimoja, na zile shekeli 1,775 zilifanywa kulabu za nguzo, na kufunika vichwa vya nguzo na kuziunganisha. Hesabu inafunga. Mungu aliyeziumba nyota aliona vyema Neno lake litaje mpaka kulabu.

Niliposoma hivyo nililia, wapendwa, kwa sababu ya ule mgao. Kila kikalio kilibeba nusu shekeli za watu 6,000. Mtu asiye na kitu, aliyetoa kile kile alichotoa tajiri, angeweza kusimama nje ya hema na kumwambia mwanawe, "Changu kimo humu chini." Na wanawake, ambao hawakuhesabiwa katika ile nusu shekeli, hawakusahauliwa: mstari wa 8 wa sura hiyo hiyo unasema birika la shaba lilitengenezwa kwa vioo vya wanawake waliohudumu mlangoni pa hema. Nao waliweza kuliona birika na kusema, kioo changu kimo mle.

Hawe hakutaka zaidi ya hilo.

Tazama tena mistari ya 21 hadi 23 uone kazi iligawanywa mikononi mwa nani. Aliyeagiza ni Musa. Waliohesabu na kuandika ni Walawi, chini ya Ithamari. Waliotumia vitu vile kwa kazi ni mafundi Bezaleli na Oholiabu. Mikono mitatu, na hakuna mmoja aliyeshika yote. Kwetu, mara nyingi anayetangaza harambee ndiye mwenye simu inayopokea, ndiye anayekwenda kununua saruji, na daftari, kama lipo, limo kwenye mkoba wake. Hata mtu mwema hapo atateleza. Atapatwa na dharura, mtoto atalazwa, atachukua kidogo kwa nia ya kurudisha, na hakuna jicho lingine la kumkumbusha.

Na Ithamari ni nani? Ni mwana wa Haruni. Hapa ndipo naomba tukae kidogo.

Rudi sura sita nyuma. Haruni aliwaambia watu walete pete zao za dhahabu, wakaleta. Musa aliposhuka mlimani na kuuliza, Haruni akasema watu walimpa dhahabu, akaitupa motoni, akatoka ndama. Hiyo ndiyo taarifa yote ya fedha aliyoitoa. Hakusema ilikuwa kiasi gani, nani alipima, nani alisubu. Ilitupwa motoni, kitu kikatoka. Sadaka iliyotolewa kwa moyo wa ibada ikawa sanamu, na kuhani hakuweza kueleza ilivyokuwa. Kisha inafika sura ya 38, dhahabu inakusanywa tena kutoka kwa watu wale wale, na usimamizi wa hesabu unapewa mtoto wa Haruni. Mungu hakuitupa nyumba ile. Nyumba iliyoaibika kwa dhahabu ndiyo iliyokabidhiwa kalamu. Tuombapo hesabu makanisani, wapo wachungaji wanaosikia kama wanashtakiwa. Mimi nikimwangalia Ithamari naona rehema.

Nayasema haya tukiwa Malindi, na sote twajua macho ya watu yakoje juu ya makanisa madogo ya huku kwetu tangu Aprili 2023, miili ya wafuasi wa mhubiri anayedaiwa kuwahimiza wafunge hadi kufa ilipoanza kufukuliwa katika msitu wa Shakahola hadi ikapita 400. Wapo kati yetu waliozika ndugu, na wapo ambao hawajazika. Lile ni jeraha kubwa kuliko pesa, na sitaki kulipunguza. Ila nimejiuliza mara nyingi: mahali ambapo mjane anatishiwa laana kwa kuuliza bati moja, nani atathubutu kuuliza jambo la uhai?

Serikali nayo imejaribu. Mwaka 2016 kanuni za kusimamia mashirika ya dini zilipingwa vikali na viongozi wetu, zikarudishwa. Baada ya Shakahola kikaundwa kikosi kazi chini ya Mchungaji Mutava Musyimi, nacho kikakabidhi ripoti yake mwaka 2024. Mjadala haujaisha. Wengine wanaona ni mateso kwa kanisa, na uhuru wa kuabudu, Ibara ya 32 ya Katiba, ni jambo la kulindwa kweli kweli. Lakini tusijifanye kana kwamba mpaka sasa hatudaiwi chochote. Sheria ya Vyama, Sura ya 108, ambayo makanisa mengi yetu yamesajiliwa chini yake, inataka vitabu vya hesabu, mkutano mkuu wa kila mwaka, na taarifa ya mwaka kwa Msajili. Cheti cha usajili tumekitundika ukutani kwa fremu. Mkutano mkuu wa mwisho ulifanyika lini?

Na mchungaji wetu wa sasa nampa heshima yake, kwa sababu hakungoja sheria. Sadaka za simu zilikuwa zinaingia kwenye namba yake binafsi, maana kanisa lilipoanza hakukuwa na nyingine. Jioni moja alituita wazee na mimi nyumbani kwake, akaweka mezani taarifa ya simu yake ya miezi mitatu, karatasi zimebanwa kwa pini. "Someni," akasema. Tukasoma. Sadaka ya dada mmoja, mia mbili. Tokeni za umeme. Fungu la kumi la ndugu wa tuktuk. Unga. Karo ya mtoto, nusu. Sadaka ya shukrani. Nauli ya kwenda msibani Gede, ambayo ilikuwa ya kanisa. Dawa ya presha ya mama yake. Ukurasa baada ya ukurasa, pesa za Bwana na pesa za nyumba zikikimbizana kwenye mstari mmoja. Akasema, "Sikuiba. Lakini mkiniuliza ipi ni ipi, siwezi kuwaambia." Alikuwa na machozi.

Usiku ule tuligundua jambo la pili, na hili linatuhusu sisi tunaokaa kwenye viti. Tulipojumlisha kila kilichoingia, tukatoa kodi na umeme wa kanisa, kilichobaki hakingelisha nyumba ya watu sita kwa wiki mbili. Mtaani watu walikuwa wananong'ona kwamba mchungaji anakula sadaka. Ndiyo, alikuwa anakula, kwa sababu hatukuwahi kumpangia posho hata siku moja! Paulo anasema Bwana ameamuru wanaoihubiri Injili wapate riziki kwa Injili. Sisi tulimwachia apate kwa kubahatisha, kisha tukamsema. Tukapanga posho, ndogo lakini inajulikana, imeandikwa, na hutolewa tarehe moja kila mwezi. Kanisa likafungua akaunti yake, na namba ya kupokea sadaka ikawa kwa jina la kanisa. Hati ya kiwanja inahamishwa iwe kwa majina ya wadhamini, na ninyi wa Malindi mnajua mambo ya ardhi ya hapa yalivyo, kwa hiyo tuombeeni.

Jumapili tunahesabu watu watatu, pale pale mbele, kabla mtu hajaenda nyumbani. Kijana anapanga sarafu, mama mmoja anahesabu noti, mimi naandika, na wote tunatia sahihi. Wakati huu wa kusi watalii hawapo na bahari imechafuka, hivyo sarafu huwa nyingi kuliko noti. Inachukua muda. Nimejifunza kuupenda muda huo, maana kila sarafu ya shilingi kumi inapita mkononi mwa mtu anayemwogopa Mungu.

Kuna maandiko mawili yanayotumika kufunga watu midomo, nami sitayapita. La kwanza, "Msiwaguse masihi wangu." Isomeni Zaburi 105 kuanzia mstari wa 12. Masihi hao ni kina Ibrahimu, Isaka na Yakobo, watu wachache, wageni katika nchi, wakitangatanga, na anayeonywa ni wafalme wenye nguvu wasiwadhulumu. Kulichukua neno lililomkinga mnyonge dhidi ya mwenye nguvu, ukamkinge nalo mwenye maikrofoni dhidi ya mjane, ni kuligeuza kichwa chini. La pili ni lile la mkono wa kushoto usijue ufanyacho mkono wa kuume. Bwana wetu alikuwa akimwambia mtoaji asijitangaze. Hakuwa akimwambia mweka hazina afiche.

Jumapili iliyopita tulisoma hesabu ya paa. Ndiyo, na sisi tumeezeka. Kijana alisimama baada ya matangazo, akasoma michango, akasoma mabati, mbao, fundi, nauli ya mkokoteni. Mzee mmoja mvuvi aliyekaa nyuma akainua mkono: "Na misumari?" Kijana akafunua ukurasa, akasoma kilo za misumari na bei yake. Mzee akatikisa kichwa kukubali, akakaa. Hakuna aliyemkemea. Nilikuwa nimeinama nikijifanya naandika, kumbe nashindwa kujizuia.

Hawe yu hai. Yuko Marafa kwa mwanawe, macho yamepungua lakini nimeambiwa bado anashona makuti kwa kupapasa. Jina lake nililiandika kwa mkono wangu, na daftari lile nilipoondoka nililiacha, lakini bei ya lile bati naikumbuka mpaka leo. Jumamosi hii, Bwana akipenda, nitapanda matatu asubuhi niende nikamrudishie pesa yake, nimwombe msamaha kwa siku ile niliyonyamaza. Akitaka, nitarudi naye Jumapili. Mniombee nisivunjike moyo njiani.