Shokapu mbili nilizobadilisha bure

Nilishabadilisha shokapu mbili za mbele na linki za stabilaiza (vifimbo vinavyozuia gari kulala upande kwenye kona), lakini gari langu, Toyota IST, likaendelea kulia tak. Wala si kwenye mashimo. Nikirudi nyuma kutoka getini na kukanyaga breki, tak moja. Nikienda mbele na kukanyaga tena, tak nyingine. Kisha kimya mpaka nigeuze tena mwelekeo. Ningetulia nikasikiliza, hilo peke yake lingenitosha. Shokapu haijui kama unaenda mbele au unarudi nyuma.

Jumapili nikavuta hendibreki, nikaweka mawe kwenye matairi ya nyuma, gia N, jeki mbele kushoto. Nikatikisa tairi juu na chini, kisha pembeni: halichezi. Nikalifungua, na hapo nikadhani nimempata mchawi, maana diski ilikuwa inacheza kwa kidole tu. Nikampigia fundi mmoja. Akacheka.

"Bosi, hiyo kawaida. Tairi likitoka, diski haina wa kuishika. Nati za tairi ndizo zinazoibana kwenye habu, kile kitovu kinachobeba tairi. Rudisha tairi ndiyo upime."

Nikarudisha, nikakaza. Mwanangu akakaa kwenye usukani.

"Nikanyage, baba?"

"Kanyaga, usiachie."

Nikashika tairi kwa mikono miwili, nikalivuta mbele, nikalirudisha nyuma. Tak. Tak. Nikamulika kwa simu katikati ya spoku za rimu. Kama diski ingecheza pamoja na tairi, ningezishuku pedi za breki kwamba zimelegea kwenye kalipa, kile kifaa kinachozibana kwenye diski. Diski ilitulia tuli. Tairi ndilo lililosogea, kidogo sana, kama unene wa kucha.

Nikafungua tena, safari hii kwa macho ya mtu anayetafuta. Kuzunguka studi, zile bolti zinazoshika nati za tairi, kulikuwa na unga mwekundu wa kutu, na mgongo wa rimu uling'aa kama sarafu pale ulipokuwa ukisuguana na diski. Lakini nati nilizikaza mwenyewe muda si mrefu, kwa nguvu zangu zote! Nikachukua moja nikaitumbukiza kwenye tundu la rimu. Rimu zenyewe ni za mtumba, nilifungiwa wiki chache kabla mlio haujaanza, na tundu zake zina mdomo wa koni. Nati ni zilezile za mwanzo, zenye washa bapa. Ikakaa ukingoni tu, inayumba kama sufuria juu ya mafiga mawili. Spana ilikuwa inaniambia imekaza, kumbe rimu haiibani diski sawasawa.

Bodaboda mpaka mtaa wa Gerezani, kwenye maduka ya spea, nikanunua nati 16 za koni, saizi 12 kwa 1.5. Nikasugua habu kwa brashi ya waya, nikazifunga kwa kupishanisha msalaba, nikamalizia kwa toki renchi ya kuazima, spana inayopima nguvu ya kukaza: Nm 103. Nikatoka getini kinyumenyume, nikakanyaga. Kimya.

Shokapu za zamani ziko stoo. Nikizibonyeza zinapanda taratibu, nzima kabisa.