Kituo cha sanaa huanzia kwenye bati

Jumapili, Arusha

Vuli inakaribia, mawingu ya Mlima Meru yanashuka mapema. Msimu kama huu nawaza sana kuhusu vituo vya sanaa vya mjini, hivi vinavyogeuza godauni la zamani au makontena kuwa studio, vikazinduliwa kwa ngoma na sanamu ya vyuma chakavu getini. Sanamu naipenda. Lakini nikitaka kujua kama kituo kitakuwepo miaka mitano ijayo, naangalia gata, simtanki, mita ya umeme na mkataba wa pango.

Kontena ndilo watu hulikimbilia. Nafasi Art Space ya Mikocheni, Dar es Salaam, iliyoanza mwaka 2008, imeonyesha kwamba makontena yanafaa kabisa kuwa studio. Ila Dar adui ni joto. Arusha iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai chuma kinapoa haraka. Unyevu wa pumzi za watu na wa rangi zinazokauka unakutana na paa baridi, unageuka matone, na asubuhi michoro ina madoa. Hita haisaidii. Weka dari la jipsamu au mbao likiwa sentimita 5 hadi 10 chini ya chuma, toboa matundu ya hewa pande zote mbili, kisha juu ya kontena funga bati la pili lililoinuliwa sentimita 30 kwa fremu ya skwea paipu, yaani bomba la chuma la pembe nne. Mchana linazuia jua, mvua ikinyesha linakinga maji.

Kwenye madirisha mafundi wengi wanaharakisha. Migongo ya ukuta wa kontena si urembo, inabeba mzigo. Chomelea kwanza fremu ya skwea paipu ya milimita 50 kwa 50, ndipo ukate. Ukianza kukata, ukuta unalegea na milango inagoma kufunga. Milango inagoma vilevile kama nguzo nne za zege chini ya pembe hazilingani, kwa hiyo pima usawa kwa mpira uliojazwa maji kabla ya kreni kufika. Sakafu ya mbao ya kontena mara nyingi imetiwa dawa kali ya wadudu. Usiipige msasa. Ipake epoksi au tandika ubao mwingine juu yake.

Mwanga nao una kanuni yake ya huku. Vitabu vya Ulaya vinasema dirisha la mchoraji litazame kaskazini. Sisi tuko nyuzi 3 na ushee kusini mwa Ikweta: Juni jua linapita kaskazini kwetu, Desemba kusini. Upande wowote kati ya hiyo miwili unafaa, mradi dirisha la urefu wa mita 1.2 liwe na kibaraza cha bati cha sentimita 60 juu yake, na jua la mchana halitaingia. Mashariki na magharibi ndiko kwa kuepuka, maana jua la chini hakuna kibaraza kinacholizuia.

Sasa maji, na hapa siwezi kupita haraka. Maji mengi ya ardhini kuzunguka Meru yana floraidi nyingi, na meno ya kahawia ya watoto wetu ni ushahidi tosha. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Maji ya mvua karibu hayana kabisa, kwa hiyo paa la kituo cha sanaa linaweza kuwa huduma kwa mtaa mzima. Hesabu ni rahisi: milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Godauni lenye paa la mita 200 za mraba, mvua ya milimita 20, ukitoa asilimia 15 inayopotea, unapata lita 3,400. Watu 20 wakitumia lita 3 kila mmoja kwa kunywa na chai, siku 150 za kiangazi zinahitaji lita 9,000. Simtanki mbili za lita 5,000 zinatosha, lakini kwa kunywa na chai tu. Kuosha brashi na kumwagilia kutumie maji mengine.

Kinachoharibu ni maji ya kwanza, yanayosomba vumbi na kinyesi cha ndege. Utaona wamefunga kipande cha bomba la inchi 4, mita moja, wakidhani wamemaliza. Kipande hicho kinashika lita 8 tu. Paa la mita 200 lina haja ya kumwaga angalau lita 100 za mwanzo, kwa hiyo weka pipa kabla ya tanki, na chini yake tundu dogo lijimwage lenyewe kabla ya mvua inayofuata. Na kama paa la godauni ni la zamani la asbesto, usilikate wala kulitoboa, na maji yake usiyanywe.

Umeme unavunja urafiki. Tanuri dogo la vyungu la kilowati 6, kwa saa 8, hata likiwa limewaka nusu ya muda huo, linakula yuniti 24. Taa ya LED ya wati 10 kwa saa hizohizo haifiki hata sehemu ya kumi ya yuniti. Gharama ya LUKU, umeme wa kulipia kabla, ikigawanywa sawa kwa vichwa, mchoraji anamlipia mfinyanzi na mchomeleaji, na ndani ya miezi michache wachoraji wanahama. Funga mita ndogo kwa kila mtumiaji mkubwa tangu siku ya kwanza. Kuyeyusha kioo, kama wanavyofanya Shanga hapa Arusha, mradi ulioanza 2007 na unaoajiri watu wenye ulemavu, ni kazi nyingine kabisa: tanuri lake linapita nyuzi joto 1,000 na halizimwi kila jioni. Kituo kidogo kiishie kukata chupa.

Chumba cha kurekodia kisiwe kontena. Mji huu umelea hip hop ya kundi la X Plastaz na wengine wengi, vijana wanastahili chumba cha tofali nene. Trei za mayai hazizuii sauti kutoka nje, na zinashika moto upesi. Ukuta ndio unaozuia sauti; kupunguza mwangwi ndani, tengeneza fremu za mbao za sentimita 60 kwa 120, kina sentimita 10, jaza nguo za mitumba zisizouzika, funika kitambaa, zining'inize sentimita 5 kutoka ukutani, mbali na soketi.

Matambara yenye mafuta ya linsidi, yale ya kuchanganyia rangi, yakirundikwa huweza kuwaka yenyewe. Yaanike moja moja nje, au yaloweke kwa maji kwenye kopo la bati lenye mfuniko. Cheche za kuchomelea zinaruka mita 10 na zaidi, kwa hiyo karakana hiyo ikae mbali na stoo ya rangi.

Kuhusu kodi ya pango wanayolipa wasanii: Aprili na Mei watalii ni wachache, masika imeshika, mauzo yanashuka. Kodi isiyobadilika inawafukuza wasanii miezi hiyo. Bora kodi ndogo ya kila mwezi, na asilimia ya mauzo ikatwe Julai hadi Oktoba.

Mwisho, mkataba. Usimwage zege kwa mkataba wa mwaka mmoja. Omba mitano, na uandikwe wazi kwamba makontena, simtanki, mita ndogo na fremu za sauti ni mali ya kituo na vitaondoka nacho, na gata na vyoo vitabaki kwa mwenye nyumba, vikikatwa kwenye kodi kwa bei iliyokubaliwa kabla fundi hajaanza kazi.