Mkazi mmoja alisema

Nimerudi kutoka Mikocheni jioni hii vidole vyeusi kwa wino na vumbi la magazeti. Baada ya miaka kumi na moja ya kukimbizana na habari, nimekuwa mwanafunzi tena, Shule Kuu ya Uandishi wa Habari na Mawasiliano kwa Umma ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Wakongwe wa kazi hii bado wanapaita TSJ, jina la chuo kilichoanza 1975 na kuingizwa Chuo Kikuu mwaka 2003.

Nilidhani utafiti ni nadharia nzito. Kumbe ni kuhesabu. Unafungua jalada la magazeti, unasoma habari moja, unajaza fomu: nani kanukuliwa, jina lipo? Cheo? Jinsi? Kisha mwenzako anaisoma habari ileile bila kuona majibu yako, mnalinganisha. Mwalimu alitukumbusha mradi wa dunia unaohesabu hivi kila miaka mitano: mwaka 1995 wanawake walikuwa asilimia 17 ya watu wanaotajwa au kusikika katika habari, 2020, asilimia 25. Nilitikisa kichwa, nikawalaumu wengine.

Leo nimekutana na habari yangu mwenyewe.

Shida ya maji Manzese. Diwani yumo, jina na chama. Mhandisi yumo, majina matatu. Aya ya mwisho: "Mkazi mmoja wa eneo hilo alisema maji hayajatoka kwa wiki mbili."

Huyo "mkazi mmoja" namkumbuka vizuri. Mama muuza mihogo, kanga kiunoni, madumu manne ya njano yamepangwa pembeni ya jiko. Jina lake alinitajia mara mbili, akachungulia daftari kuhakikisha nimeliandika sawasawa. Nikalikata mwenyewe saa mbili usiku, nafasi ilikuwa imebana na mhariri anapiga kelele. Majina matatu ya mhandisi sikuyagusa.

Sasa fomu inauliza jinsi. Masharti yanasema jaza kilichopo ukurasani, si unachokijua. Ukurasani kuna nini? "Mkazi." "Alisema." Kiswahili chetu hakibagui, hiyo a- ni ya mke na mume. Kwa Kiingereza angalau kiwakilishi kingemwokoa. Mimi nilimfuta jina, lugha ikanisaidia kufuta kilichobaki.

Habari yako huruhusiwi kuichambua mwenyewe, nikamsogezea mwenzangu bila kusema kitu (jina langu liko juu pale, lakini nani husoma jina la mwandishi?). Akasoma, kalamu ikasimama.

"Huyu mkazi ni nani?"

"Andika ulichoona," nikamwambia.

Akaandika: *haijulikani*. Akageuza ukurasa.

Usiku huu nimeshusha boksi la madaftari ya zamani kutoka juu ya kabati. La mwaka ule silioni.